Nafasi ya Tisa kwenye Benchi la Tatu

"Sodiamu!"

Neno hilo likitoka kinywani mwa Mwalimu Mabenchi, usiombe uwe umesimama njiani. Watu kumi na mmoja wazima, wengine wameacha watoto nyumbani, walikurupuka kutoka ukutani walikoegemea wakagombea kukaa. Wawili benchi la mbele, lile fupi. Wanane benchi la pili. Halafu mmoja, peke yake, benchi la tatu, anaangalia huku na huku kama mtu aliyefika msibani asikojua mtu. Huyo wa kumi na moja alichekwa kila siku, na kila siku mwalimu alimnyooshea chaki.

"Huyu hapa ndiye matata yote ya sodiamu. Mpweke. Ukimwita tu, anaondoka. Wewe, toka nje!"

Mtu akatoka nje. Mwalimu akageukia meza ndogo mbele ya benchi la kwanza. Juu yake palikuwa na bakuli la bati lenye vifungo vya nguo: vyekundu ndiyo protoni, vyeupe ndiyo nyutroni. Bakuli ndilo kiini cha atomu, mabenchi ndiyo maganda yake, na watu ndio elektroni.

"Bakulini mna vyekundu vingapi?"

"Kumi na moja!"

"Mabenchi yana watu wangapi?"

"Kumi!"

"Kwa hiyo chaji?"

"Chanya moja!"

"Nani kaongeza kifungo chekundu?"

"Hakuna! Mtu katoka!"

"Haya. Na huko chumba cha mtihani mkiulizwa ioni ya sodiamu imepata wapi chanya, asinipatie mtu jibu la kuongeza protoni. Protoni haziongezwi hovyo. Ukiongeza moja si sodiamu tena, umeshahama mtaa. Na masi yote iko hapa bakulini, vyekundu kumi na moja, vyeupe kumi na viwili, ishirini na tatu. Nyinyi elektroni hata mnenepe vipi, uzito wenu si wa kusemwa."

Wakacheka, hasa yule muuguzi msaidizi waliyemwita Sista, mwanamke mwenye mwili wake, ambaye alijua fika kwamba neno lile lilimlenga yeye.

Ndivyo alivyofundisha, miaka kumi na minne, sebuleni kwake mwenyewe. Makochi aliyauza zamani. Mabenchi yalitengenezwa na seremala wa jirani, ambaye alikuja na futi yake, akapima kutoka ukutani hadi kizingiti cha mlango wa uani, akasema, "Hapa wanakaa wanane, wakibanana. Wa tisa atakaa mlangoni." Mwalimu akafurahi mno. Daftari lake la kemia lilisema nane, na ukuta nao umesema nane. Benchi la nyuma kabisa likawa fupi, la watu wawili. Wawili, wanane, wanane, wawili: ishirini, kama elektroni za kalsiamu. Darasa lilikuwa la watu ishirini, wala hakupokea wa ishirini na moja hata umlilie. Waliochelewa kujiandikisha aliwarudisha na jibu moja: "Kalsiamu imejaa. Njoo mwakani."

Sasa tuseme ukweli kuhusu mtu huyu, maana watu walimwita mwalimu hadi wakasahau. Ualimu hakuusomea. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, miaka thelathini na mmoja: kuosha vioo, kupanga chupa, kufunga bomba la gesi wenzake wakishaondoka. Chumba chake cha kazi kilikuwa na kidirisha kinachoangalia darasani, na kupitia kidirisha hicho aliisikia kemia ya kidato cha pili mara thelathini na moja, mwaka hadi mwaka, akaiandika yote kwenye daftari lenye jalada gumu. Daftari liliishia kwenye elementi ya ishirini kwa sababu kidato cha pili kiliishia hapo. Madarasa ya juu yalikuwa na maabara yao, ng'ambo ya uwanja, na mtunza wao.

Alipostaafu akaanza kuwasaidia watu waliotaka kuingia chuo cha wafamasia na matabibu. Wengi wao walikuwa watu wazima walioacha shule siku nyingi: Sista, fundi umeme mrefu aliyepewa jina la Kalsiamu kwa kuchelewa na kuishia benchi la nyuma, wahudumu, makarani. Waliokuwa wakiiogopa kemia kama ugonjwa walitoka pale wakiichekea. Kwa hilo anastahili sifa zake, na sitamnyima mimi.

Lakini ndani ya nyumba ileile mlikuwa na mtu mmoja aliyekuwa hacheki.

Ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, na vile vifungo vya bakulini vilitoka kwenye kopo lake. Kabla hajafa alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Huyu asome. Mengine yote nimekusamehe." Binti alisoma. Alikuwa na kichwa chepesi, na mjomba alitamba naye mtaa mzima. Miaka miwili nyuma aliketi kwenye mabenchi yale, akaenda kwenye mtihani wa kuingia chuo, na karatasi ya kemia ikawa na maswali hamsini ya kuchagua. Ukipata arobaini, umeingia.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake: zungushia jibu kwa penseli kwenye kijitabu cha maswali kwanza, ndipo ulihamishie kwenye karatasi ya majibu. Karatasi walikusanya, kijitabu ulirudi nacho nyumbani. Basi mchana uleule binti aliporudi, mjomba alikaa na kalamu nyekundu akakisahihisha kijitabu chote. Akapata arobaini kamili. Alitoka nje akamwambia seremala, akawaambia wa duka la pembeni, akaenda hadi makaburini akamwambia dada yake.

Matokeo yakatoka: thelathini na tisa.

Hapo ndipo mzee alipokosea vibaya, na kosa hili halikuwa la kemia. Badala ya kumshika mtoto bega, alichukua kijitabu, akakipiga mezani, akasema, "Kuna swali hapa umelizungushia njiani, ukirudi, ili unifurahishe. Umenidanganya swali moja. Lipi?" Binti akasema, "Sijakudanganya, mjomba." Mjomba akasema watu waongo siku zote huongea hivyohivyo. Yakaisha hapo, maana binti hakujibu tena, wala hakulia mbele yake.

Wiki iliyofuata akaanza kazi kwa dobi, mtaa wa pili. Asubuhi alisema "Shikamoo mjomba," jioni alisema "Maji yako yako bafuni," na katikati ya maneno hayo mawili hapakuwa na la tatu. Mjomba alijua amevuka mpaka, ila ulimi wa kusema hivyo hakuwa nao. Alichoweza ni kuchukua fomu ya mtihani. Mwaka jana aliichukua, binti hakuigusa. Mwaka huu akaichukua tena, akaiweka juu ya kabati la vyombo, na safari hii mambo yalikuwa yamebana: chuo hakikupokea mtu aliyevuka miaka ishirini na mitano, ila aliyedhaminiwa na mwajiri wake kama akina Sista, na binti alikuwa anaivuka mwezi unaofuata. Fomu zilipokelewa hadi Ijumaa. Asipoandika mwaka huu, basi tena.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, Sista alikuja darasani na kitabu kipya.

"Mwalimu, chuo kimetoa mitihani ya nyuma, na majibu yake. Haijawahi kutokea. Nimekupigia nakala."

Mwalimu alishukuru, akavaa miwani, akaanza kuwasomea maswali kwa sauti, moja moja, wao wanajibu kwa pamoja. Mambo yalikwenda vizuri hadi swali la kumi na saba la mwaka ule, ule wa mpwa wake. Ganda la tatu la atomu linaweza kubeba elektroni zisizozidi ngapi? A, mbili. B, nane. C, kumi na nane. D, thelathini na mbili.

"Nane!" darasa zima, na wale wa benchi la tatu wakalipiga benchi lao makofi.

Mwalimu akafungua nyuma kutazama majibu. Akatazama tena. Akainua miwani.

"Hawa wachapaji hawa! Wameandika C." Akacheka. "Kumi na nane! Tutawakalisha wapi, juu ya kabati?"

Watu walivunjika mbavu. Sista peke yake hakucheka. Alisema kwa heshima, "Labda, mwalimu," akainamisha uso, na "labda" ile ikamkaa mzee kichwani mchana kutwa.

Kesho yake asubuhi alivaa shati safi akaenda shule aliyostaafia. Mwalimu wa kemia wa sasa alikuwa binti mdogo, aliyeajiriwa mzee akiwa ameshastaafu. Alimpisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na wala hakumcheka, jambo ambalo lilimtisha mzee kuliko kucheka.

"Kitabu hakijakosea, mzee wangu. Chukua namba ya ganda, izidishe kwa yenyewe, halafu mara mbili. La kwanza?"

"Mbili."

"La pili?"

"Mbili mara mbili nne... nane."

"La tatu?"

Mzee alihesabu kwa vidole, japo hakuhitaji vidole. "Kumi na nane," akasema taratibu.

"Na wewe hukuwadanganya kabisa. Kwa elementi ishirini za mwanzo, la tatu linaishia nane kweli. Zile nafasi kumi nyingine zipo, ila zinadai nishati kubwa kidogo kuliko nafasi mbili za mwanzo za ganda la nne. Kwa hiyo elektroni ya kumi na tisa na ya ishirini zinapita, zinakaa la nne. Halafu ya ishirini na moja inarudi la tatu, inakaa nafasi ya tisa. Hiyo ni skandiamu. Kidato cha pili hawafiki huko."

"Mimi nilifika ishirini," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee wangu."

Alishukuru, akasahau kofia yake mezani, ikabidi mwalimu yule amkimbilie nayo hadi getini.

Nyumbani hakuvua viatu. Aliburuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa kijitabu cha mpwa wake, chenye mikwaju yake myekundu ya vema kila ukurasa. Akafungua swali la kumi na saba. B ilikuwa imezungushiwa, na pembeni yake palikuwa na vema kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu swali lile lilikuwa lake, la mabenchi yake. Akaliondoa kwenye hesabu: thelathini na tisa. Akahesabu upya tangu mwanzo, kisha mara ya tatu. Thelathini na tisa. Mtoto hakudanganya swali hata moja. Kosa moja lililomfungia mlango lilikuwa la mjomba, na mjomba ndiye aliyemwita mwongo.

Halafu akaona kitu kingine. Alisogea dirishani, akakiinamisha kijitabu kwenye mwanga. Kuizunguka C palikuwa na duara lililofutwa kwa kifutio. Penseli ilikuwa imeondoka, lakini mkandamizo wake ulibaki kwenye karatasi, ungeweza kuupapasa kwa kidole. Aliupapasa. Mzee wa miaka sabini akakaa kitako sakafuni na viatu vyake, na machozi yakamtoka bila kikwazo.

Kwa dobi palikuwa na joto la kukausha mate. Pasi tatu, mvuke, mashuka ya hoteli yamening'inizwa mpaka darini. Mpwa wake alikuwa anapiga pasi shati jeupe, aproni kiunoni, na alipomwona mjomba mlangoni mkono ulisimama.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuona."

Wenzake wawili walijifanya wana kazi upande wa pili. Mzee alitoa kijitabu ndani ya shati, akakifungua, akakiweka kwenye meza ya kupigia pasi, mbali na shati.

"Jibu ni kumi na nane," alisema. "Nimekwenda kuuliza. Nilikufundisha vibaya, halafu nikakuita mwongo. Hukunidanganya. Nimekosa, mwanangu. Nimekukosea sana."

Binti hakukitazama kijitabu. Aliichukua pasi, akaikanyagisha kwenye kola ya shati, akamaliza kola, akaiweka pasi pembeni.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Nililisoma kwenye kitabu cha maktaba, wiki ya mwisho. Nikaja kukuuliza. Ulikuwa unaosha bakuli. Ukasema vitabu vingine kazi yake ni kuchanganya watu."

Mzee alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko kama angekumbuka.

"Kwenye mtihani nikazungushia C," binti aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anasoma orodha ya nguo. "Halafu nikakusikia. Nane! Nikaliona benchi, nikawaona watu wamebanana. Nikasema, huyu mtu amenilea, ananifundisha bure, mimi nani nimwone mjinga kwa sababu ya kitabu cha siku moja? Nikafuta."

"Kwa nini hukusema nilipokupigia kelele?"

"Ningesema nini? Watu ishirini wanakuita mwalimu. Ningesema wewe ndiye uliyeniangusha? Nilikuwa nasubiri uione mwenyewe." Hapo sauti ikamkatika kidogo. "Miaka miwili, mjomba. Kila siku nakupelekea maji bafuni nasema leo ataiona."

Mzee akashika ukingo wa meza, akauachia, ulikuwa wa moto.

"Fomu ipo," alisema mwishowe. "Mpaka Ijumaa."

"Fomu niachie." Binti alifuta uso kwa aproni kwa hasira. "Wale ulionao sasa umeshawaambia?"

"Bado."

"Jumamosi ya wiki ijayo wanaenda kuandika nane, wewe umekuja hapa kuniomba radhi mimi? Kawaambie kwanza. Usiwafiche hata nukta. Halafu tutaongea."

Na akachukua shati lingine.

Jamani, kuna watu wangeingia darasani na kusema tu, "Leo tumefika somo jipya." Ingewezekana. Hakuna ambaye angemwuliza. Njia nzima mzee aliifikiria hiyo, na aibu ya kuifikiria ikamfanya apite moja kwa moja kwa seremala.

"Nataka unirefushie benchi la tatu. Watu kumi zaidi."

Seremala alimtazama kama amechanganyikiwa. "Kumi? Chumba kimeishia kizingitini, mzee."

"Lipitishe mlangoni. Liende uani."

"Mvua ikinyesha?"

"Litalowa."

Jumatano darasa lilifungwa seremala apate kufanya kazi; Alhamisi mchana lilikuta mlango wa uani uko wazi na ubao mrefu umeunganishwa kwenye benchi la tatu, umepita juu ya kizingiti, umesimama kwenye miguu mipya kule nje juani, karibu na kamba ya kuanikia. Maswali yakawa mengi. Kalsiamu alifika kwa kuchelewa, akauliza kama kuna harusi. Mwalimu aliwaomba wakae. Hakushika chaki, na mikono haikujua iende wapi.

Aliwaambia yote. Kwamba yeye si mwalimu, ni mtunza maabara. Kwamba daftari lake liliishia ishirini. Kwamba swali la kumi na saba jibu lake ni kumi na nane, na Jumatatu aliwacheka wachapaji kwa ujinga wake. Kisha akawaambia habari za mpwa wake, swali moja, thelathini na tisa, na neno alilomwita. Hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, akalirudia kwa sauti zaidi ili wa nyuma wasikie.

Karani mmoja wa benchi la pili akasimama, uso umekunjamana.

"Dada yangu alisoma hapa miaka sita iliyopita. Aliangushwa na maswali mawili."

"Namkumbuka," mwalimu alisema.

"Sijui kama ni haya. Pengine siyo."

"Pengine ndiyo. Sitakuambia siyo."

Karani alibaki amesimama, anapumua kwa nguvu. Watu walidhani ataondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Akakaa, lakini alikaa upande, akampa mwalimu bega. Sista ndiye aliyesema, kwa sauti ya wodini, "Mwalimu, siku zimebaki chache. Tufundishe."

Basi akafundisha, taratibu, bila utani. Namba ya ganda mara yenyewe mara mbili. Akawaonyesha benchi lilipofika huko nje, wakageuka kulitazama. Akaita, "Potasiamu!" Wakainuka, wakakaa: wawili, wanane, wanane, na wa kumi na tisa akasimama mlangoni, haelewi. Kushoto kwake nafasi kumi tupu. Nyuma yake benchi la nne.

"Nikae wapi? Hapa si kuna nafasi?"

"Zipo," mwalimu alisema. "Ila hazikaliki bado. Bei yake ni nishati, na la nne kwa sasa lina nafasi nafuu. Nenda la nne." Akaenda. "Kalsiamu!" Na Kalsiamu mwenyewe akatoka ukutani, akakaa karibu na mwenzake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka.

"Hapa ndipo nilipokuwa naishia," mwalimu alisema. "Inayofuata inaitwa skandiamu. Elektroni yake ya ishirini na moja haikai la nne. La nne limeshapata wawili, sasa zile nafasi za la tatu zinakalika. Inarudi pale, nafasi ya tisa, mlangoni. Ningewaonyesha, lakini sina mtu. Sikuwahi kupokea wa ishirini na moja."

Alipokuwa anasema hivyo watu wote wa benchi la tatu walikuwa wanatazama uani, na mmoja mmoja wakaanza kusogea, kujibana, kama watu wanavyomsogelea mwenzao bila kuambiwa. Mwalimu akageuka.

Mpwa wake alikuwa ameingia kwa mlango wa uani, aproni ya kazini bado kiunoni. Alikuwa amesimama pale kwa kamba ya kuanikia, tangu lini hakuna aliyejua, lakini macho yake yalionyesha kwamba alilisikia lile neno, "mwongo", mara zote mbili. Akaja mpaka kizingitini. Akalishika benchi kwa mkono, akalitikisa kujua kama ni imara, akakaa. Nafasi ya tisa.

Karani, yule aliyekaa upande, akakohoa.

"Mwalimu. Bakulini kuna vyekundu vingapi?"

Mzee alihesabu kimoja kimoja. "Ishirini."

"Na watu ishirini na mmoja. Basi hii si skandiamu. Hii ni kalsiamu yenye chaji hasi."

"Kweli kabisa," mwalimu alisema. "Lakini sina kingine. Dada yangu aliacha vyekundu ishirini tu."

Binti alitia mkono kwenye mfuko wa aproni. Kwa dobi vifungo hung'oka kila siku, na wapiga pasi huviokota. Alichambua kiganjani, akachagua kimoja cheusi, kidogo, cha shati la mtu asiyemjua, akakipitisha kwa jirani yake. Kikapita mkono kwa mkono, benchi la tatu, la pili, la kwanza, hadi kwa mjomba, naye akakiweka bakulini pamoja na vya marehemu.

"Ishirini na moja," alisema.

"Mjomba," binti aliita kutoka mlangoni, mbele ya watu wote. "Sijakusamehe bado. Sitaki kukudanganya."

"Najua. Hujawahi kunidanganya."

"Lakini kesho ni Ijumaa. Nipatie hiyo fomu."

Mzee alikwenda kwenye kabati la vyombo, akaishusha fomu, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Kisha akaikabidhi kwa benchi la kwanza, nayo ikarudi kwa njia ileile iliyopitiwa na kifungo, mpaka ikamfikia. Sista akampa kalamu. Binti akaiweka fomu juu ya goti, akaandika jina lake.